Kioo cha Kabati na Tumba Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametangaza vita. Kwa upole, huku anamenya vitunguu. Dada yake anakuja Jumamosi. Ikiwa hadi siku hiyo waridi langu halijachanua, roshani ni yake. Ataweka kiti, akae apunge upepo kama binadamu wenzake. Amechoka, anasema, kuolewa na ndoo.

Nimekubali papo hapo. Ndoo ninayo, ile ya rangi iliyokwisha, nimeitoboa chini ili maji yasituame mizizi ikaoza. Udongo mweusi, samadi iliyokauka vizuri. Juu kabisa, tumba moja nono, limebana kama ngumi ya mtoto. Likifunguka litakuwa jekundu la kukolea, jekundu linalokaribia weusi. Hakuna ua gumu kama hilo. Nilimweleza mke wangu sababu zote. Alipofika kwenye mfuko wa vitunguu wa pili akaniuliza kama nina habari kwamba nimestaafu.

Ninayo. Ndiyo maana roshani hii siitoi. Ni mahali pekee ninapofundisha bila mtu kuangalia saa.

Jumanne, 5 Machi

Tatizo limejulikana. Waridi linataka jua la kutosha, la asubuhi hasa. Jua la asubuhi kwetu linazuiwa na tangi la maji la jengo. Kivuli kinaanguka juu ya ndoo tu. Kwingine kote jua tele, hata pale kwenye kona ya vyuma vya roshani ambako hakuna anayelihitaji.

Nimekwenda kwa mwenye nyumba kumwomba asogeze tangi kidogo. Kidogo tu! Nikamchorea na mchoro. Akautazama kwa heshima zote, akaniuliza kama familia yangu imeacha kuoga.

Nikiwa nashuka nikapita kwa Kinyozi. Chumba chake cha kazi kiko chini, ng'ambo ya uwanja, kinatazamana na roshani yangu. Naye ana waridi jekundu! Kalipanda kwenye sufuria iliyotoboka, kalisukuma pembeni nyuma ya ndoo ya nywele. Analimwagilia anapokumbuka. Tumba lake jembamba kama kalamu. Nilimhurumia. Nikamweleza kwa kirefu makosa yake. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," na mteja aliyekuwa kitini akasema ahsante pia, lakini kwa sauti ya mtu aliyechelewa kazini.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Jua likikataa kuja kwenye ua, lirudishwe kwa nguvu.

Mke wangu alipotoka kwenda sokoni nikachukua bisibisi, nikang'oa kioo cha mlango wa kabati la nguo. Nikakifunga kwa kamba kwenye ile kona ya vyuma yenye jua la bure. Nikakiinamisha taratibu. Mwanga ukaruka, ukatua juu ya tumba langu kama umeitwa kwa jina. Nilikaribia kupiga makofi.

Mke wangu amerudi, amefungua kabati, amekuta ubao mtupu. Akauliza ajitazamie wapi sasa, kwenye upara wangu? Nikaanza kumweleza kanuni ya mwanga: unavyoingia ndivyo unavyotoka. Akasema na yeye anayo kanuni kama hiyo, kuhusu waume.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Si kwa sababu ya ndevu. Kupeleleza.

Sikuamini macho yangu. Sufuria ya Kinyozi imehama, imekaa dirishani. Na lile tumba la kalamu limenenepa, limeanza kuchungulia wekundu! Nikamuuliza, kwa utulivu, ni dawa gani anatumia. Akaapa hatumii kitu. Ni huu mwanga tu, Mwalimu. Tangu jana, jua likipanda, unaingia mwali mkali ajabu unawapiga wateja machoni. Mmoja jana alifumba macho, akakohoa, wembe ukateleza, akatoka na alama sikioni. Ndipo akaweka sufuria dirishani iwe pazia.

Nikamuuliza mwali huo unatoka wapi. Tayari nilikuwa na povu usoni na upande mmoja umekwisha kunyolewa.

Akanyoosha wembe kuelekea juu. "Kule. Kuna mtu kaning'iniza kioo. Sijui ni nani mwenye akili hizo."

Wateja wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikaondoka. Nimefika nyumbani na nusu ya ndevu.

Kumbe asubuhi kioo kinanihudumia mimi, na jua likihama kinamhudumia yeye. Mimi napanda mwanga, jirani anavuna ua! Nimekaa roshani mchana kutwa nikikigeuza kioo kufuata jua. Hakuna mwali hata mmoja uliovuka uwanja. Mwanga wote umekwenda kwenye tumba langu. Shingo inaniuma. Ushindi una gharama zake.

Ijumaa, 8 Machi

Tumba limefunguka. Lingekuwa jambo la furaha.

Kingo za petali zimekuwa nyeusi na kujikunja kama karatasi iliyopita karibu na jiko. Katikati limelegea. Limeiva! Sababu naijua vizuri, niliwahi hata kuifundisha: rangi iliyokolea hunyonya joto, ndiyo maana shati jeusi huchoma mgongo. Waridi jekundu sana huunguzwa na jua la mchana. Nilikuwa nalijua hilo. Sikujua kama na lenyewe linajua.

Mke wangu amechungulia, akauliza kama ni chakula cha jioni. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anapangusa kiti.

Bado haijafika Jumamosi.

Nimeshuka kwa Kinyozi. Ua lake limechanua lote, zito, jekundu la kukolea, kila petali kama imefumwa. Nikamweleza kuwa kwa haki ya elimu ya mwanga ua lile ni langu, kwani chakula chake kilitoka kwangu. Akafikiri. Akasema basi na sikio la yule mteja ni langu vilevile. Tukaafikiana kiungwana: yeye ananipa ua, mimi namrudishia mwali wake, maana kuna tumba jingine linakuja. Akanimalizia na ndevu.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi safi. Nimekata kichwa kilichoungua, nikalifunga ua la Kinyozi juu ya shina langu kwa uzi wa kijani, mafundo chini ya jani. Fundi wa cherehani asingeona.

Shemeji amefika. Mke wangu akamleta roshani, akasimama. Akanitazama mimi, akalitazama ua, akanitazama tena. Nikaanza kueleza mbinu zangu: mifereji ya maji, samadi, subira. Subira hasa.

Niliongea mno. Shemeji ni mtu wa kunusa. Hununua hata sabuni kwa kunusa. Akaliinamia waridi, akavuta pumzi ya mtu aliyetoka mbali, akalishika ili alisogeze puani. Akainuka nalo. Shina likabaki, na uzi wa kijani ukining'inia.

"Shemeji," akasema, "nguo ya kuazima haisitiri. Na ua la kuazima je?"

Mke wangu alicheka hadi akashika vyuma. Alicheka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akaniambia nisijali, ameona mengi tangu nimwoe, na hili ni zuri kuliko yote. Kisha akainuka, akaenda kuleta kiti. Shemeji alichomeka ua nyweleni na hakulirudisha.

Jumapili, 10 Machi

Roshani imeondoka. Mke wangu amekaa huko tangu asubuhi, miguu juu ya vyuma, chai mkononi. Lazima nikiri anapendeza. Nilimpelekea sukari, akanikaribisha nikae. Hakuna kiti cha pili.

Ndoo imehamia kwenye ngazi za jengo. Wapangaji wanaikwepa, wengine kwa maneno. Sijavunjika moyo. Nimelichunguza jaribio zima bila upendeleo na kosa limeonekana wazi: kioo. Mwanga wa kuazima! Waridi linataka jua lenyewe, la asubuhi, lililo halali yake.

Na hapa kwenye ngazi, upande wa mashariki, ukuta ni mwembamba ajabu. Nimeugonga. Unaitika. Matofali mawili matatu tu yakitoka, waridi litapata asubuhi nzima, na wapangaji watapata hewa. Watanishukuru. Mwenye nyumba amesafiri hadi Alhamisi.

Nimekwisha kuazima patasi.