Bega Langu na Meza ya Kukatia

Jumatatu, 4 Machi
Uvimbe bado upo. Bega la kushoto, laini, hauumi, ukiubonyeza unateleza kama kipande cha sabuni. Mke wangu anataka nikapimwe. Nimekataa katakata. Wiki hii tajiri, mwenye duka, anachagua nani ashike meza ya kukatia vitambaa, na hawezi kumpa fundi mgonjwa. Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu wa cherehani, tunayemwita Pindo kwa sababu mapindo yake hayanyooki. Nimejishonea shati jipya lenye marinda begani. Uvimbe hauonekani hata kidogo. Akili ninazo!

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Shati limefuliwa jana, leo linabana palepale begani. Kwa hiyo uvimbe umekua, tena kwa siku moja. Saratani hiyo, hakuna kingine. Mke wangu analia jikoni, anasingizia vitunguu. Naogopa. Leo nimeshindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Lakini kinyonge sifi!

Alhamisi, 7 Machi
Mpango umepatikana. Nimemwambia tajiri nina saratani, na siombi mengi, meza tu, wala sitaikalia sana. Tajiri akatoa leso. Meza ni yangu! Hata Pindo kanipa mkono, machozi yanamlengalenga. Nusura nimhurumie.
Jioni mke wangu kaniwekea viatu mlangoni. "Baba watoto, kama ni kufa, utakufa umepimwa."
Nimesema sitaki. Tunaenda kesho asubuhi.

Ijumaa, 15 Machi
Majibu. Daktari alikata kipande cha uvimbe wiki iliyopita, kikapimwa. Ni uvimbe wa mafuta tu, si saratani, naweza kuzeeka nao. Mke wangu kanishika mkono, hakutaka kuuachia. Nami nimefurahi mno. Kisha nikakumbuka meza. Nikamuuliza daktari kama ana uhakika. Nikamuuliza tena.
Akataka kujua kwa nini nilidhani umekua. Nikamwonyesha shati. Mke wangu akalishika, akauliza kama kitambaa kililowekwa kabla ya kukatwa. Mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu kila siku: kitambaa kipya kiloweke kwanza, kirudi, kinywee kabisa, kabla hujakikata, la sivyo nguo itabana ikifuliwa. Nikatangulia mlangoni.

Jumamosi, 16 Machi
Tajiri kafurahi kusikia mimi ni mzima, halafu kampa Pindo meza. Nimepinga mbele ya wote. Nimesema kupona si kosa. Nimesema niliahidi kutoikalia sana, sikuahidi kufa! Mafundi wamecheka mpaka cherehani zimesimama. Wacheke tu.

Jumatano, 20 Machi
Nimejishonea shati la kumkomoa Pindo, la kola ya kusimama. Kuloweka nimeruka, nilikuwa na haraka. Jana limefuliwa. Leo kifungo cha juu hakifungi.
Nimejipapasa shingo. Imevimba, sina shaka. Mke wangu asijue, atanitolea viatu. Kesho mapema nakwenda kwa tajiri kuomba meza.