Papa Apollinaire Ananunua Gari

Asubuhi hiyo Defile alifika kwenye benchi la Mama Émérence na habari, na Defile akiwa na habari huwa hakai. Alitwambia akiwa amesimama kwamba Papa Apollinaire, shefu mpya wa biro, yaani mkuu wa ofisi, kule bandarini, anataka kununua gari. Tulicheka. Ulikuwa mwaka ule ambao Wazairi waliruhusiwa tena kuvaa kravati, na kila mwenye shingo alijiona mkubwa. Habari za namna hiyo zilikuwa nyingi, na zaidi ya nusu zilikuwa uongo.

"Hii haiko uongo," Defile akasema. "Ngombe za Pepa zimeuzwa."

Hapo tukaacha kucheka, kwa sababu ng'ombe wa nyumba ile, waliolishwa kule milimani Pepa, tulikuwa tunawajua kwa sifa.

Benchi lenyewe liko karibu na reli. Kawa, yaani kahawa yake, ni chungu na mikate yake ni ya jana, na ndiyo maana watu wasio na kazi kama sisi hupata nafasi ya kukaa. Defile jina lake hasa ni Banza. Zamani za magwaride alikuwa mstari wa mbele kila mwaka, na hadi leo akisimama anabana visigino. Wa pili ni Papa Ngoy, tunayemwita Frein, kwa kuwa alikuwa mfunga breki wa treni mpaka akazeeka. Amestaafu treni lakini breki hajaacha. Ukimwambia jua limetoka, atakwambia ngoja kwanza. Wa tatu ni mimi, mwalimu ambaye serikali ilimpa chaki ikasahau mshahara. Na kwa kuwa mtatusikia tukitoa hukumu nyingi juu ya magari, niseme mapema kwamba kati yetu watatu hakuna mwenye hata baiskeli.

Apollinaire mwenyewe alitokea dakika chache baadaye, kravati imemkaba na jasho linamtiririka. Alijidai anapita tu, ila alikaa, akaagiza kawa, akatueleza yote. Nicolas, mfanyabiashara wa vitambaa, anauza Pejo 504 nyeupe, safi, yenye viti vyekundu vya kitambaa laini ambavyo hata mtoto wake hajaruhusiwa kuvilalia. Kwa upande mwingine kuna muuguzi anayehamia Kigoma. Huyo anauza vyote viwili kwa pamoja, pikipiki nzima na ile Katrel yake, kigari kuukuu cha Renault. Feza ya ng'ombe inatosha upande mmoja tu.

Shida ilikuwa mke wake, Mama Léontine. Yeye ni muuza samaki. Hununua mikebuka na ndagala kwa wavuvi wa njia ya Kabimba, halafu husubiri lori la kumleta mjini, na lori likichelewa samaki huharibika njiani naye hulia njiani. Yeye alitaka kitu cha kubeba vikapu, basi. Jumapili alipomsikia mume wake akisifu viti vyekundu, alikunja vitenge vyake, akavitia ndani ya sanduku, akaliweka sanduku mlangoni.

"Ameniambia neno moja tu," Apollinaire akasema, akijaribu kucheka. "'Motokari isipobeba samaki, miye sitabeba jina yako.'"

Kicheko chake kiliishia kwenye meno. Ndoa ya miaka mingi ilikuwa imewekwa mlangoni na kufungwa kamba, na baba huyu amekuja kuomba ushauri kwetu, watu ambao hata kawa tunakunywa kwa huruma ya mwenyewe. Nilimdharau kidogo, nikasogea ili nisikie vizuri.

Defile akaanza, visigino pamoja. "Papa Apollinaire, weye uko shefu. Shefu hapandi pikipiki. Utafika ku kazi wadudu wamejaa ku meno, kravati iko ku mugongo. Batu wa chini yako watauliza kama umetoka kulima."

"Lakini kuna Katrel pia," nikasema.

"Ile Katrel? Mwalimu, nilipanda ile kitu mpaka Lubuye. Chini iko na tundu. Niliona barabara yote katikati ya miguu yangu. Na kuiwasha inaomba batu ine wa kusukuma. Hiyo haiko motokari, hiyo iko salongo."

Salongo ilikuwa ile kazi ya bure ya Jumamosi, ya kufagia mji na kufyeka majani kwa lazima. Tulicheka wote isipokuwa Frein, ambaye hucheka tu mzaha alioutoa yeye mwenyewe.

"Ngojeni," Frein akasema. "Mu mji huu motokari nzuri haina mwenyewe. Ndoa ikitokea, watakuja kuiomba. Matanga ikitokea, watakuja. Mukubwa akishuka ku ndege, hawataomba, watabeba. Weye utatia mafuta, bengine watakaa ku kiti. Juu ya nini Nicolas anauza?"

"Anahamia Lubumbashi," Apollinaire akajibu.

"Anauza juu amechoka kutembea na miguu na motokari iko yake. Weye ulishamuona Nicolas ndani ya ile Pejo?"

Tukafikiri. Kwa kweli tulikuwa tumeona mabibi harusi ndani yake, majeneza mawili juu yake, na wageni wa kila namna. Nicolas tulimwona nyuma ya baiskeli ya mdogo wake. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini Frein alikuwa amebishana na kila mtu Kalemie kwa miaka mingi, hata akiwa na haki hakuna anayemsikia. Defile alimwambia kwamba wivu wa mtu wa miguu unanuka. Frein akamjibu kwamba miguu yote miwili ya Defile ni ya kuazima, maana viatu ni vya shemeji yake. Wakaachana na gari kabisa, wakaanza kuchambuana ukoo.

Mimi nikauliza habari ya samaki. Defile alinitazama kana kwamba nimetema ndani ya birika.

"Samaki ku kiti nyekundu?"

"Léontine atazoea," Apollinaire akasema. "Siku bibi wa mashefu bengine wanamuona anashuka mu Pejo, atasahau vikapu."

Mama Émérence, aliyekuwa anachochea makaa, hakuinua kichwa. "Papa, zile ngombe zilikuwa za baba yake."

Apollinaire alisema kwamba nyumbani hakuna chako na changu, mume na mke ni kitu kimoja. Alilisema kwa Kifaransa pia, ili liwe na uzito. Mama Émérence alimjibu kwamba ndiyo, na kitu hicho kimoja kina sanduku mlangoni. Basi shefu akamaliza kawa yake, akarekebisha kravati, akaenda moja kwa moja kwa Nicolas. Alitupita sisi wote, mke wake, baba mkwe aliye kaburini na akili yake mwenyewe, akanunua Pejo.

Kesho yake alikuja nayo benchini. Aliiegesha karibu hata magoti yetu yakagusa bampa. Na nani alikuwa wa kwanza kuingia? Frein. Yule yule. Alichuma jani, akafuta nyayo zake taratibu, akakaa nyuma, akafumba macho. Defile akakaa mbele na kuanza kupungia watu mkono. Mimi nami niliingia, sitaficha, na nilipokaa kwenye kile kiti nilichukia maisha yangu yote ya chaki. Apollinaire alisimama nje akitutazama kwa furaha. Sanduku la mke wake lilikuwa bado mlangoni, ila hakuna aliyeuliza.

Wakati tunagombania dirisha akafika Lambert. Kila mji una mtu wa namna ya Lambert. Hakuna ajuaye anafanya kazi wapi, lakini akisema wakubwa wanahitaji kitu, kitu hicho kinaondoka. Alimpa Apollinaire mkono, akampongeza, akazunguka gari, akabonyeza kiti kwa kidole. Kisha akaeleza kwa upole kwamba Jumamosi Mkubwa fulani anashuka kutoka Kinshasa, na wenye mji wamefurahi sana kusikia kuna Pejo safi. Wangeazima tu. Baada ya Jumamosi kulikuwa na programu nyingine ndogo, na baada ya hiyo wangeona.

Apollinaire alitabasamu kwanza, kwa heshima aliyopewa. Halafu tabasamu likamkauka.

"Na itarudi lini?"

"Papa," Lambert akasema, "mukubwa hatumuulize tarehe."

Tulitoka ndani ya gari mmoja mmoja. Frein alitaka kusema kwamba alisema, lakini alikuwa bado ameshika lile jani mkononi, akaona aibu.

Ndipo Mama Léontine alipotokea kutoka ufukweni na wanawake wawili, kila mmoja na kikapu kichwani. Alikuwa amekuja kuona ng'ombe wa baba yake wamekuwa nini. Alizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Njo hii, ndiyo yenyewe?"

"Njo hii," mume wake akajibu.

Léontine aliuliza huyu bwana anataka nini. Lambert alimweleza yote, Jumamosi, Kinshasa, programu, akimwita Mama kila baada ya maneno matatu. Léontine alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akateremsha kikapu chake, akakiweka juu ya kiti chekundu. Mikebuka walikuwa wa asubuhi hiyo hiyo. Maji yalipenya kwenye kikapu, yakaingia kwenye kitambaa, yakachuruzika hadi chini, na sisi sote tukayafuata kwa macho.

"Papa Apollinaire," Lambert akasema, na sasa upole ulikuwa umepungua. "Ambia bibi yako atoe samaki. Kiti itakauka mbele ya Jumamosi."

Léontine hakumtazama mume wake. Alitazama kikapu, mikono kiunoni, na nikaelewa kwamba neno lolote litakalotoka kinywani mwa Apollinaire ndilo litakaloamua kama sanduku linarudi ndani au linakwenda kwao Pepa. Apollinaire naye alielewa. Nilingoja atoe sauti ya shefu. Nilikuwa tayari kumdharau kwa mara ya pili.

Badala yake alimwendea mwanamke wa kwanza, akapokea kikapu chake, akakiweka kando ya kile cha Léontine. Akampokea wa pili. Hicho kilikuwa cha ndagala waliokwisha kupata jua. Apollinaire aliinama, akamwaga konzi mbili chini, pale pale Mkubwa angeweka viatu, akazisukuma chini ya kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Iko na muzigo," akamwambia Lambert. "Jumamosi pia iko na muzigo. Kila siku iko na muzigo."

Lambert aliingiza kichwa ndani ya gari, akakitoa haraka. Alisema kwamba atawaeleza wakubwa, akaondoka bila kuaga. Léontine alikaa mbele, akafunga mlango polepole, akamwambia mume wake waende sokoni kabla jua halijapanda. Apollinaire alishika usukani, na alikuwa anacheka, safari hii kicheko kizima.

"Ameua motokari," Defile akalalamika. "Kiti nyekundu vile."

Frein aliruka kumpinga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alimpinga mtu aliyestahili kupingwa. Jioni Mama Émérence alituhakikishia kwamba sanduku limerudi chini ya kitanda.

Sasa, mji huu una masikio. Kabla ya Ijumaa kila mwenye gari zuri alikuwa amesikia kilichomfukuza Lambert, na kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba anapenda ndagala. Léontine aliuzia watu ambao hawajawahi kugusa samaki. Aliuzia wenye Toyota, wenye Land Rover, hata daktari mmoja wa meno. Mji ulinuka kutoka reli hadi mlimani. Lambert alifungua milango ya magari siku nzima, akaifunga, mwishoni akaanza kufunga na pua.

Gari lililobaki bila samaki ni moja tu, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Jumamosi Mkubwa kutoka Kinshasa aliingia Kalemie ndani ya Katrel. Walitandika kitenge kipya juu ya viti na ubao juu ya lile tundu. Mbele yake ilitangulia pikipiki ya muuguzi, imefungwa bendera, ikifyatua moshi. Kwa mara ya kwanza nilikubali kwamba pikipiki na gari la bei rahisi vinafaa kununuliwa pamoja.

Sisi tulikuwa tumepangwa kando ya barabara kupiga makofi, kama kawaida. Katrel ilifika pale mlima unapoanza, ikakohoa, ikazima. Lambert alitutazama. Defile hakungoja kuitwa. Alishika bampa ya nyuma, visigino pamoja, uso umejaa heshima. Frein alisema ngoja kwanza, kisha akaja. Na mimi nikaweka mikono yangu ya chaki katikati yao.

Tukiwa nusu ya mlima, Pejo nyeupe ilitokea nyuma yetu. Ilipiga honi mara moja, kwa adabu, ikatupita. Apollinaire alikuwa amevaa singlendi, Léontine ameweka kiwiko dirishani, na vikapu vimejaa mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mkubwa alitoa kichwa nje, akaisindikiza kwa macho mpaka ilipopotea juu ya mlima, halafu akamwita Lambert na kumuuliza gari lile zuri ni la nani.

"Iko ya samaki, Excellence," Lambert akajibu.

Mkubwa akarudisha kichwa ndani, na sisi tukaendelea kusukuma.