Unywele wa Kwanza

Jumatatu, 6 Septemba 1954
Ami Mkadam karudi na jibu la posa. Bi Mwanamwema hajakataa! Hajakubali pia. Yeye ni mjane, na kauli juu ya binti yake Kazija ni yake peke yake. Kumbe Machano naye kaposa, na Machano ana ndevu. Kidevu changu, kasema Bi Mwanamwema, ni laini kama cha mwari. Jibu kamili Jumamosi. Juu ya kifafa changu Ami hakutaja neno. Na asitaje! Wakijua, nimeshamkosa Kazija.

Jumanne, 7 Septemba
Hospitali, saa tatu. Miezi minane sijaanguka. Daktari kanikumbusha mambo yanayoweza kuletwa na vidonge vyangu vya kifafa: usingizi, kuyumba, kuona viwili viwili, fizi kuvimba, na wengine huota nywele usoni. Huota nywele! Nimemwomba arudie hilo la mwisho. Kasema kimoja asubuhi, kimoja jioni, nisithubutu kuzidisha. Kapiga meza.
Jioni nimemeza vitatu.

Jumatano, 8 Septemba
Vitatu asubuhi, vitatu jioni. Kioo. Unywele mmoja. Puani. Mwanzo mwema!

Alhamisi, 9 Septemba
Nimeketi kibarazani Mlandege kushona kofia ya viua, ile ya vitundu vidogo vidogo. Sindano naiona mbili, na matundu hayana idadi. Saa nne nikainuka, kofia ikainuka nami: nimeishona na kanzu yangu. Machano, kutoka dukani kwake ng'ambo ya njia, kaniuliza kwa sauti iliyofika Darajani nimegema mnazi gani asubuhi hii. Nimemjibu kwa dharau kubwa. Ulimi mzito. Hata mimi sikuelewa nilichosema.

Ijumaa, 10 Septemba
Baada ya sala nimepita kwa Bi Mwanamwema, pua mbele, aone maendeleo. Nikawakuta wawili, wamevaa kanga sare. Shikamoo kwa huyu. Shikamoo kwa yule. Marahaba ikaja moja tu. Nikaketi. Kumbe si barazani, ni juu ya sinia la mchele aliokuwa akiuchagua.
Kaniamuru nifungue kinywa. Kanusa. Iliki tu! Basi umelewa nini, mwanangu?
Nikasema yote: kifafa, vidonge, ndevu. Nililia? Kidogo.
Kacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Kifafa changu, kasema, Mlandege nzima wanakijua. Mwaka juzi nilipoanguka njiani, kichwa changu alikipakata yeye. Alikuwa akingoja tu mimi au Ami tuseme kweli. Hilo la ndevu lilikuwa mzaha!

Jumamosi, 11 Septemba
Jibu: Kazija ni wangu! Sharti moja. Chupa ya vidonge inakaa kwa Bi Mwanamwema. Asubuhi na jioni napita, nameza mbele yake kama alivyoagiza daktari, naonyesha ulimi. Nimekubali papo hapo. Machano kanipa mkono. Uso umemshuka, na ndevu pamoja nao.

Jumapili, 12 Septemba
Kimoja asubuhi. Ulimi juu, ulimi chini. Safi, kasema mama mkwe. Kazija kachungulia dirishani, kasema unywele wa puani unanipendeza.
Unanipendeza!
Kesho saa tatu niko hospitali. Ntamwambia daktari chupa imevunjika, anipe nyingine. Ndogo tu. Pua tushaimaliza, sasa kidevu.