Mbwa Asiyebweka na Njuga Yake

Jumatatu, 4 Julai 1904

Leo nimeona mbwa! Si mbwa wa kutupiwa mawe. Mbwa wa kumfanya mtu asahau kufunga duka.

Bitegeko, mwindaji wa Mabira, alipita hapa Ndama akiwa naye. Jike, mwekundu kama udongo wa kichuguu, miguu minne myeupe, kifua cheupe. Masikio wima. Mkia umejikunja juu ya nyonga kama kata ya kubebea mtungi. Na paji la uso! Mikunjo mitupu, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Bitegeko asema mbwa wa namna hii walikuwapo kabla ya wafalme wote anaowajua, naye huwataja wengi. Dosari ni moja: shingoni ana njuga ya mti, kubwa kama ngumi, imegugunwa pembeni. Kitu kibaya kabisa.

Tangu nitoke Pangani imepita miaka thelathini. Sikumbuki kiumbe aliyenitazama kwa makini namna ile.

Magoti ya Bitegeko yamechoka. Anatafuta mtu wa kumwachia. Nikasema mimi. Jirani yangu Abdulatifu, muuza chumvi, ambaye masikio yake hufika kila mahali kabla yake, akapaza sauti kutoka dukani kwake kwamba yeye. Bitegeko akaamua: nikae naye mpaka msako wa Jumapili. Akitunzwa vyema na akawinda vyema, ni wangu. La sivyo, atajua la kufanya.

Mke wangu Mwajabu ameuliza kama nimesahau dini. Nimemjibu kwamba mbwa wa kuwinda ameruhusiwa. Akauliza tangu lini mimi nawinda. Tangu leo.

Jumanne, 5 Julai

Nimemwita Kimya, kwa sababu habweki. Hata kidogo! Nilidhani ni haya ya ugeni. Nikampeleka kwenye migomba, nikapiga magoti, nikabweka ili aone jinsi inavyofanywa. Akanitazama kwa huruma. Nikabweka kwa nguvu zaidi.

Abdulatifu akachungulia juu ya ua. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akauliza ni mbwa aliyeniuma mimi au ni mimi niliyemuuma mbwa. Akajitolea kwenda kumwita Shehe anisomee. Mtu mwovu.

Jioni Kimya akatoa sauti mwenyewe, bila kufundishwa. Si kubweka, si kulia. Kama mwanamke aliyetaka kupiga vigelegele akakumbuka yuko msibani. Nzuri ajabu. Niliacha kula ili nisikilize.

Jumatano, 6 Julai

Hana harufu! Nimemnusa mara nyingi, Mwajabu akitazama. Hujisafisha kwa ulimi na kiganja kama paka. Umande haukanyagi; asubuhi hungoja kizingitini mpaka jua likaushe majani, kama bibi harusi anayeogopa kuchafua nguo.

Bitegeko aliniachia maagizo. Bitoke, zile ndizi za kupika, vipondwe kwa mchuzi wa mifupa. Kupe watolewe kwa vidole. Asipigwe kamwe, kwani huweka kinyongo. Asiachwe peke yake. Hilo la mwisho nililiona la kitoto. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, kiatu kimoja hakipo, mkeka umebaki nusu, naye amekaa juu ya ua. Juu kabisa! Mbwa anayepanda ua! Sikuweza kumkaripia. Nilisimama nikamtazama tu.

Aliposhuka akanilamba mkono. Nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama ipasavyo. Akanilamba wa pili. Mwajabu akashauri nihamie mtoni moja kwa moja. Lakini baadaye nilimwona akimpa Kimya mfupa wenye nyama. Alipogundua namwona, akasema umemponyoka.

Alhamisi, 7 Julai

Abdulatifu amepitisha utumbo wa mbuzi chini ya ua, akiita kwa sauti ya asali. Kimya akaenda, akala wote, akarudi kwangu bila hata kumtazama usoni. Mbwa mwenye heshima! Nilimshukuru jirani kwa chakula.

Nimepata wazo. Mnyama mzuri kiasi hiki kuvaa kipande cha mti kilichogugunwa ni aibu kwa nyumba yangu. Nimemvua njuga, nimemvika shanga za buluu, zile nzuri kabisa za dukani. Anapendeza kupita maelezo. Na njuga nimemfunga mbuzi wa Mwajabu, ambaye kila siku hupotea migombani. Shida mbili, dawa moja! Mwajabu akauliza kama nimemwuliza Bitegeko. Nikamwambia hayo ni mambo ya mapambo, si ya uwindaji.

Jumamosi, 9 Julai

Mbuzi hapotei tena. Tatizo ni kwamba sasa haachani na Kimya. Wanalala mgongo kwa mgongo. Kesho msako. Kimya amenona, manyoya yanang'aa. Nimeota nikirudi na paa begani. Abdulatifu ndotoni alikuwa analia.

Jumapili, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Watu, Bitegeko akiwamo, walitangulia kutega nyavu kwenye nyasi za kule Igurwa, wakatulia na mikuki, masikio wazi. Nikamwachia Kimya upande wa pili, akaingia nyasini. Mbuzi, ambaye hakuna aliyemwona akitufuata, akaingia nyuma yake. Njuga ikalia upande wa bonde. Wanaume wote wakakimbilia bondeni, mimi mbele, nikipiga kelele kwamba huyo ni mbwa wangu. Kitu kikaruka. Wavu ukaanguka. Abdulatifu akanaswa humo pamoja na mbuzi, na mkuki mmoja ukapita karibu na kilemba chake. Mbuzi alikuwa mtulivu kuliko yeye.

Ndipo tukasikia vile vigelegele vya msibani, mbali, juu mlimani. Kimya alikuwa amemfikisha paa kwenye wavu wa mwisho kabisa, peke yake, kimya, kazi safi. Hakukuwa na mtu. Paa alikwisha kujinasua. Kimya alikuwa amekaa pale na shanga zake, amekunja paji la uso, anatungoja. Sitausahau uso ule.

Bitegeko hakunifokea. Alimfungua mbuzi njuga, akamfunga Kimya. Akasema amemkuta amenona, hana kupe hata mmoja, anapendwa. Lakini mbwa huyu hana sauti nyingine anapowinda, nami nimempa mbuzi sauti yake. Abdulatifu, akitoa nyasi kinywani, akasema basi mbwa awe wake. Bitegeko akasema mwenye kuvizia mbwa wa watu kwa utumbo hapewi. Anarudi naye Mabira, magoti yakipenda yasipende.

Nilisikia njuga mpaka ikapotea. Mwajabu alisimama karibu nami na mfupa mkononi. Hakusema umemponyoka.

Jumatatu, 11 Julai

Habari njema! Bitegeko alirudi asubuhi. Alimkuta Mwajabu, si mimi. Kimya ana mimba. Mvua zikianza kutakuwa na watoto, na mmoja atakuwa wetu, kwa sababu Mwajabu alilia. Ameacha na njuga ndogo mpya, aliyoichonga mwenyewe, itunzwe mpaka siku hiyo.

Njuga nzuri, nyepesi, sauti tamu. Dhambi kuiacha ikae bure miezi yote hiyo. Nimemfunga jogoo. Imemkaa vizuri sana.