Oveni Ndogo, Trei Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anatafuta mtu wa kupeleka keki kantini kila Ijumaa. Jumamosi ataonja za watu wawili tu: mke wangu, na Bi Krimu wa nyumba ya pili, anayeitwa hivyo kwa sababu kila anachooka hukizika chini ya krimu. Mke wangu akishinda, anaacha kazi ya kufua kwa dobi. Ile sabuni imempasua vidole, ikifika jioni hata kifuniko cha chupa hakimtii. Kwa hiyo si mchezo. Nimejiteua Mkuu wa Vifaa. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa sikumwuliza mtu.

Ukaguzi wa jikoni. Masikitiko matupu! Tini moja ya keki, nyeusi tii, imebonyea ubavuni. Mwiko wa mti. Kikombe cha buluu kilichovunjika kishikio. Nikamwambia mke wangu kwamba kwa silaha hizi Bi Krimu atatucheka mpaka akae chini. Akajibu kwamba vinamtosha, ila kama nina hamu ya kununua kitu, nimletee mwiko wa mpira wa kukombea bakuli. Mwiko wa mpira! Mwanamke huyu hana makuu hata kidogo. Bahati yake amenipata mimi.

Jumanne, 4 Machi

Siku tukufu! Nimepima upana wa oveni kwa mikono miwili, nikatoka nayo hivyo hivyo barabarani, viganja vinatazamana, macho mbele. Watu wakanipisha. Nilipokaribia duka la vyombo, nani atokee? Mjomba wa mke wangu. Na mjomba mtu hasalimiwi kwa kutikisa kichwa. Nikampa mikono yote miwili. Akaishikilia, akauliza habari za nyumbani, za kazini, za goti langu, akamalizia na za paka. Aliponiachia nikaitanua tena pale pale ilipokuwa. Au karibu na pale.

Mwenye duka akaniambia nirudi nyumbani nikapime kwa kamba. Akasema mwokaji wa nyumbani anahitaji tini imara inayoingia kwenye oveni yake, mizani, mwiko wa mpira, na akili ya kusubiri. Nikamjulisha kwamba sisi si wanaoanza. Nimechukua trei pana inayong'aa, unajiona uso mzima. Nimechukua mashine ya kukorogea yenye mwendo wa aina sita! Na mfuko wa pua za kupambia krimu, maua, majani, nyota. Mizani ndogo amenitupia bure, nadhani kwa heshima. Akiba ya kiti changu cha kuegemea imekwenda yote. Sijuti. Nimesahau mwiko wa mpira.

Jumatano, 5 Machi

Trei haiingii. Nimejaribu kwa upana, kwa urefu, kwa mshazari. Nimejaribu kwa kuishtukiza. Imeingia nusu, mlango wa oveni nikaufunga kwa mkanda wa suruali, mkanda ukaanza kunuka. Ni mjomba huyu! Angeuliza habari za watu tu akamwacha paka, tungekuwa mbali.

Mashine lakini, mashine! Nimeiweka mezani, nikapiga bismillahi, nikawasha namba sita. Ikaanza kutembea. Imekwenda mpaka ukingoni mwa meza nikaidaka, unga ukapanda hadi kwenye taa. Nguvu za ajabu! Mke wangu aliporudi akanitazama nilivyo mweupe, akauliza kama kuna chochote kilichobaki kwenye mfuko wa unga. Kilikuwepo, kidogo.

Tatizo ni nafasi. Kabati limejaa. Alipokwenda dukani kununua unga mwingine, akapita muuza mabeseni, yule anayebadilisha vyombo vikuukuu kwa vipya. Nikaona Mungu amemleta. Nimempa tini iliyobonyea na kikombe kibovu, amenipa beseni jekundu, jipya, lisilo na doa! Nimecheka peke yangu. Wapo watu hawajui biashara.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mke wangu alitaka kuoka keki ya majaribio. Akaenda kabatini, akanyoosha mkono bila kutazama, mkono ukarudi mtupu. Akauliza kikombe kiko wapi. Nikamwonyesha beseni.

Kumbe keki yake yote imo ndani ya kikombe kile! Kilikuwa cha bibi yake. Vitatu vya unga, kimoja na kidole cha sukari, nusu ya mafuta, na yote hayo hupimwa kwa kikombe kile tu. Nikamwambia asihofu, mizani tunayo, inapima hadi punje. Akaniuliza ipime nini. Nami nikabaki na mizani yangu mkononi, kwa sababu kweli, kikombe kile kilibeba unga kiasi gani, hakuna anayejua. Tukajaribu kwa vikombe vya chai. Cha kwanza kimetoa tofali. Cha pili kimetoa uji wenye ganda.

Ningependa angenifokea. Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda, akavitazama vile vidole vyake vilivyopasuka, akasema polepole: "Baba watoto, mimi sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa na kikombe."

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Kesho nakitafuta. Hata kikiwa chini ya ardhi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata muuza mabeseni karibu na soko. Vyombo vyangu? Ameshavibadilisha kwa mayai. Kwa nani? Kwa Bi Krimu!

Mpango ukanijia papo hapo, mpango wa kishujaa. Nikazunguka nyuma ya ua wake. Kikombe nikakiona dirishani, kimepandwa kitunguu cha majani. Tini iko chini, kuku wake wanakunywa maji humo. Nikapanda ukuta. Nilikuwa nimeshavusha mguu mmoja, Bi Krimu akatokea na ndoo, akaniamkia vizuri tu, akauliza kama nimefuata kuku au kitunguu.

Nikajitia hamnazo. Haikusaidia. Nikamweleza yote nikiwa juu ya ukuta. Nilidhani atacheka, na kweli alicheka, akashika mlango asianguke. Kisha akanikumbusha kwamba wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kikombe na tini atanirudishia, lakini ameisikia mashine yangu ikinguruma tangu juzi, na roho yake imeipenda.

Mashine yangu! Lakini nikakikumbuka kile kigoda. Kata pua uunge wajihi. Nimeibeba mwenyewe, nimeikumbatia hadi mlangoni kwake. Na kwa kuwa siwezi kuona chombo kizuri kikitumiwa kinyonge, nimemshauri awashe namba sita, asiogope, na aiache ikoroge hadi mikono yake ipumzike.

Mke wangu amekipokea kikombe kwa mikono miwili. Amekiosha mara mbili, amekifuta kwa khanga yake, amekaa nacho mapajani. Halafu akaniomba mizani. Akajaza unga, akapima, akajaza sukari, akapima. Eti kikivunjika siku moja, keki isife nacho. Nilijua mizani ile ina kazi! Ndiyo maana niliinunua.

Jumamosi, 8 Machi

Ameshinda! Ameshinda! Ameshinda!

Keki yake imetoka kwenye tini iliyobonyea na kishimo kile kile ubavuni, laini, ya dhahabu. Mwalimu mkuu amekula kipande, akaomba kingine, akasema hicho cha pili ni cha kuhakikisha. Ya Bi Krimu ilikuwa imezama katikati, ngumu kama soli, krimu imejaa shimoni. Inasemekana ilikorogwa mno. Bi Krimu alinitazama kwa muda mrefu, mimi nikatazama dari.

Mke wangu ametoka pale moja kwa moja hadi kwa dobi kuacha kazi. Njiani amenishika mkono hadharani, mchana kweupe! Nimemweleza kwamba kumpa adui mashine ulikuwa mkakati wangu tangu Jumatatu. Akaniambia niendelee kutembea.

Jumapili, 9 Machi

Kantini inataka keki mbili kila wiki. Inahitajika tini ya pili. Mke wangu amekata kamba, ameipima mwenyewe ndani ya oveni, akanikabidhi kama anakabidhi mtoto mchanga. Akasema: "Chochote kinachozidi kamba hii, kiache dukani. Na ukikutana na mjomba, kamba itie mfukoni."

Nimekutana na mjomba. Nimeitia mfukoni. Nani anasema mimi sijifunzi?

Dukani kulikuwa na tini nzuri, ya kawaida, inalingana na kamba barabara. Na pembeni yake, mama yangu! Tini ya umbo la moyo, ya ghorofa mbili, ina vishikio vya shaba! Nikapima. Kamba ikapungua kidogo.

Nimeiunga na uzi wa kiatu. Sasa inatosha kabisa. Nimerudi kiatu kimoja kikipwaya, tini iko kwapani, na furaha niliyo nayo haielezeki. Kwanza nimsubiri muuza mabeseni apite, maana kabati limejaa tena.