Kikohozi cha Ada ya Karlyn

Jumanne, 11 Aprili
Barua ya chuo imefika. Binti yetu Karlyn kapata nafasi! Nimeshangilia hadi mbwa akajificha chini ya meza. Kisha mke wangu Verna akafunua ukurasa wa pili. Msaada wa ada: kiduchu. Kilichobaki tukope, na ni mkopo unaotosha kununua nyumba. Karlyn akasema si neno, ataahirisha mwaka, atauza mikate dukani. Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Verna anataka nimweleze afisa wa misaada ukweli. Fomu ya msaada tuliijaza kwa mapato ya mwaka juzi, enzi za ovataimu. Tangu Januari kiwanda cha karatasi kimenipunguzia zamu. Ukweli! Nani aliwahi kushibishwa na ukweli?

Usiku shemeji Norbert, kaka yake Verna, kapiga simu. Mwanawe Tate anaingia chuo hicho hicho, tena atasoma bure, kwa kipaji. "Akili za ukoo wetu hizo, shemeji." Nikakata simu. Nina mpango.

Jumatano, 12 Aprili
Mpango: afisa aone umaskini kwa macho yake. Miadi ni kesho. Nimelifukua gerejini koti la marehemu baba. Panya wamekula mfuko mzima. Safi kabisa! Ndevu sinyoi. Kutwa nafanya mazoezi ya kukohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyelala kwenye theluji. Verna anasema nafanana na mwizi wa kuku. Atanisindikiza, eti kunizuia. Karlyn kanisihi: "Baba, jamani, nitaishi na hao watu miaka minne!" Mtoto. Hajui dunia inavyokwenda.

Alhamisi, 13 Aprili
Chumba cha kusubiri. Pembeni mzee mmoja, kofia hadi puani, viatu vimepasuka, anakohoa vibaya. Nilimhurumia kwa dhati. Nikampa peremende. Akainua uso.

Norbert!

"Shemeji," akasema, "nguo gani hizo?"

Nikamjibu natoka kupaka rangi. Na yeye?

Naye alikuwa anapaka rangi.

Kisha akakohoa. Nami nikakohoa zaidi. Akaongeza sauti, nikaongeza na machozi. Binti wa mapokezi akatuletea maji, akavaa barakoa, akafungua madirisha yote. Verna akajifanya hatujui, si mume si kaka.

Nikaitwa wa kwanza. Ushindi! Afisa, Bi Okerlund, mama mtulivu, akauliza kitu gani kimebadilika tangu tujaze fomu. Nikaanza na njaa. Kikohozi kikanipalia kwelikweli, sauti ikakatika. Verna akachukua nafasi hiyo kuweka mezani karatasi zangu za mshahara tangu Januari, akaeleza yote, taratibu.

Bi Okerlund akanigeukia. Ni kweli zamu zimepunguzwa? Nikasema kweli. Kisha nikasikia mdomo wangu ukiendelea wenyewe: kwamba mimi niliishia sekondari, kwamba huyu binti husoma hata maandishi ya kopo la maharage, kwamba duka la mikate hapana, mama, tafadhali. Hayo hayakuwa kwenye mpango. Verna akanishika mkono. Mkono wa koti ukang'oka.

Jumanne, 25 Aprili
TUMESHINDA! Chuo kimeongeza msaada. Mkopo uliobaki ni mdogo, tutauweza. Karlyn alinirukia, tukaanguka wote kwenye kochi. Verna alilia, akasema ni vumbi. Barua inadai sababu ni kushuka kwa mapato. Waungwana hawa! Hawakutaka kuandika neno koti.

Ijumaa, 28 Aprili
Tumekula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa. Norbert naye kaongezewa msaada wa Tate. Tumekubaliana pale chooni: yeye hakuniona, mimi sikumwona. Ila anashikilia kikohozi chake kilikuwa bora. Bora! Nikamwambia aende na akili za ukoo wao.

Nyumbani Verna kanikumbusha kwamba msaada huombwa upya kila mwaka. Mwakani tutatuma tu karatasi za mshahara, na mimi nitabaki kitandani. Maskini Verna. Moyo safi, mikakati hana. Kikohozi wameshakizoea pale.

Mwakani nachechemea. Nimeanza mazoezi ngazini. Mguu wa kushoto.