Fatwa Katikisa Gilasi Australia

Habari ilimfikia Breki kabla yetu sote. Safwan tunamwita Breki kwa ajili ya duka lake la vipuri vya gari pale Hamriya, lakini vipuri vinajiuza vyenyewe. Yeye anashinda na simu. Jioni ile alifika barazani kwetu Darsait, hapa Maskati, bila hata salamu, akaibwaga simu baina ya sahani ya tende na dalla, birika letu la kahawa.

"Tazameni dini ilipofikia," akasema.

Tukainamisha vichwa, mie na Muhanna. Mie wananiita Mlima kwa kuwa kila siku navuka mlima kutoka Amerat, foleni yote ile, nije kunywa kahawa ambayo nyumbani ipo. Muhanna anaitwa Wizara. Amestaafu zamani, lakini mpaka leo ukimwuliza hali yake anakujibu kama barua yenye mhuri.

Ilikuwa video ya ukurasa wa utalii wa bonde moja huko Australia, bonde la mashamba ya zabibu na viwanda vya mvinyo. Katikati ya mapipa makubwa ya mbao kasimama mtu mzima, kanzu nyeupe, kofia ya Kiomani, mkononi gilasi ya mguu mrefu yenye kitu chekundu. Mtu yule akaitikisa gilasi. Akatia pua ndani, akanusa. Kisha akakunja uso na kuimwaga yote katika ndoo. Mzungu mmoja nyuma yake akapiga makofi.

"Huyu si Thabit?" nikauliza.

"Thabit gani tena? Sema Fatwa!" Breki akapiga paja. "Fatwa kati ya mapipa!"

Jina la Fatwa tulimpa wenyewe. Thabit hali biskuti mpaka asome karatasi yake yote, na kama maandishi ni madogo anaazima miwani ya mtu. Kwenye harusi ya binti wa Wizara alirudisha kachumbari jikoni kwa kushuku siki yake ni ya mvinyo. Alikuwa amekwenda Australia kumtazama mwanawe Balqis, anayesoma huko, na alirudi juzi tu.

Wizara akavaa miwani, akatusomea maneno ya chini ya video kwa Kiswahili. "Bingwa kutoka Omani ametembelea bonde letu. Hata chupa yetu bora kabisa haikumridhisha."

"Bingwa!" Breki alicheka mpaka akapaliwa na tende. "Sie kumbe tunakaa na bingwa, hatujijui!"

"Suala hili linahitaji kufanyiwa uchunguzi," akasema Wizara.

"Uchunguzi wa nini, wakati mtu anaonekana na kanzu yake?"

Hapo hapo bingwa mwenyewe akatokea kwenye kona ya duka la chai, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, anatembea kama anayekwenda kung'olewa jino.

"Karibu, bingwa!" akaita Breki. "Leo kahawa yetu utaweza kuinywa, au tukuletee ndoo?"

Thabit hakucheka. Akakaa, akashika kichwa. "Jamani, nimekwisha. Hatem kapiga simu. Kasema posa ya Ijumaa isimame kwanza."

Ijumaa hii tulikuwa twende sote nyumbani kwa Hatem kumposa Khawla, bintiye, kwa ajili ya Ghaith, mtoto wa Thabit. Vijana wanapendana, wazee walikwishakubaliana, Kheiria mke wa Thabit keshaagiza halwa. Nilimwonea huruma rafiki yangu, wallahi. Kisha nikaikumbuka ile ndoo, kicheko kikanitoka puani.

"Cheka, Mlima, cheka," akasema Thabit. "Kheiria hasemi nami tangu asubuhi. Video imezunguka kwenye kila grupu la ukoo, imefika mpaka Unguja imerudi. Ghaith kajifungia chumbani. Na Hatem ananambia, 'Mie nlikaa Australia miaka mizima nikisomea uhandisi, na sikujua njia ila ya chuo na ya msikiti. Wewe wiki mbili tu ushaingia kwenye mapipa?'"

"Na uliingia kufanya nini?" akauliza Wizara.

"Kukojoa!"

Breki akaiweka simu chini. Hili hakulitegemea.

"Sikilizeni. Balqis kanambia, baba, twende tukatembee bondeni, kuna vivutio. Tukapanda basi la watalii. Kivutio cha kwanza, zabibu."

"Zabibu si ndo bonde lenyewe?"

"Zabibu moja. Ya saruji. Kubwa kama tangi la maji, imepakwa rangi ya zambarau, imewekwa njia panda. Watu wanashuka basini wanapiga picha nayo. Bibi mmoja kaikumbatia."

"Ukistaajabu ya Musa..." nikaanza.

"Wee Mlima, tulia," akanikata Breki. "Sie kwetu tuna chetezo kikubwa, cha kufukizia udi, juu ya jabali pale Riyam, meli zote zinakiona, na kuna mtu ashatwambia kitu? Kila nchi na ugonjwa wake. Endelea, bingwa."

"Usiniite bingwa. Kivutio cha pili, garimoshi la zamani. Mnapanda, linapiga honi, linakwenda mpaka kwenye mti, linarudi."

"Kwenye mti kuna nini?"

"Hamna kitu! Mti! Cha tatu, nyumba ya jibini ya mbuzi. Unaingia zizini unamshika mbuzi, unampa jina, unapiga naye picha."

"Kumshika mbuzi ni kivutio?" Breki akasimama kwa hasira ya kweli. "Mie mbuzi wa jirani wanapanda juu ya gari yangu kila siku ya Mungu! Kumbe nakaa kwenye kivutio, sijui?"

"Na kuna pahala watu wanakanyaga zabibu kwa miguu kwenye beseni kubwa, mtu mzima na suruali kaikunja, anacheka peke yake. Ati ndo wanavyopumzisha akili."

"Bibi yangu wa Mkoani, kule Pemba, alinikanyagisha udongo wa kukandika ukuta, akili yangu haikupumzika hata kidogo," nikasema.

Wizara akainua kidole. "Hapa kuna jambo la kitaifa. Sisi tuna ngome, tuna mafalaji, ile mifereji ya kale, tuna mawaridi ya Jabal Akhdar, na mtalii anakuja siku mbili anaondoka. Wao wana zabibu ya saruji, mtu analala wiki. Napendekeza tujenge sufuria ya halwa pale Amerat, ndefu kama ghorofa tatu, mtalii apande ngazi akoroge."

"Jenga," nikamwambia, "lakini foleni ya mlimani uje uipange wewe."

"Jamani, mie mtoto wangu anakosa mke!" akalia Thabit.

Tukarudi kwenye mapipa. Kumbe bonde zima hilo, alisema, kila kivutio kina bango, kina duka, kina mbuzi, lakini choo kipo kwenye nyumba za mvinyo tu. Balqis alibaki nje kwa mbuzi. Thabit akaingia mbio, akapata alichotaka, na wakati wa kutoka msichana wa pale akamsimamisha kwa adabu, akamtazama kanzu na kofia, akamwambia kwa wageni wasiokunywa ulevi wana maji ya zabibu, hayajachacha. Akamwonesha chupa.

"Ukasoma karatasi," akasema Breki.

"Mara mbili! Nikapokea. Nkanywa. Tamu, alhamdulillahi. Nikamrejeshea gilasi, akamimina tena. Nikanywa. Akamimina tena. Nkasema moyoni, huyu mtoto mkarimu lakini atanipasua tumbo. Basi nikafanya nini?"

"Ukatikisa," tukasema wote kwa pamoja.

Maana nani hapa asiyejua? Kahawa yetu haikataliwi kwa kusema basi. Unamrejeshea mmiminaji kikombe. Kama hukukitikisa, anakujaza tena, na ukimlaumu unajiaibisha mwenyewe. Ukikitikisa, kwisha maneno. Mtoto wa Kiomani anajua kutikisa kikombe kabla hajajua kufunga viatu.

"Nikatikisa! Msichana akafungua macho. Nkadhani hajaona, nikatikisa kwa nguvu zaidi. Akakimbia kumwita mwenye shamba. Mwenye shamba kaja na chupa nyengine, kaikumbatia kama mtoto mchanga, kanimiminia. Nkatikisa. Kafurahi! Kadiri ninavyotikisa ndo anavyofurahi! Nikaona hichi kitu rangi yake si ile ya mwanzo, nikanusa kuhakikisha. Lahaula! Kimechacha! Nikamwaga kwenye ndoo niliyoiona pale, nikavuta uradi wangu. Mtu kapiga makofi, kanipa mkono, simu zikatoka."

Breki akaicheza tena video. Safari hii hatukucheka. Ule mkono, ile kauli ya kifundo cha mkono, kulia kushoto kulia: ilikuwa kahawa basi, asante sana, Mungu akuzidishie. Nilishangaa nilivyokuwa sikuiona mwanzo.

"Ushahidi unatosha," akasema Wizara. "Aitwe Hatem."

Hatem anakaa nyuma ya duka la chai, haikuchukua muda. Alikuja na bakora yake, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, akakaa pembeni ya baraza kama mtu aliyeazimwa. Breki akammiminia kahawa. Wizara akatoa maelezo yote, kuanzia zabibu ya saruji mpaka ndoo, bila kuruka hata mbuzi.

Hatem alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa uchungu.

"Thabit, mie na wewe tumesoma madrasa moja, usinifanye mtoto. Choo nakubali. Maji ya zabibu nakubali. Lakini mkono ule nimeuona. Mlevi wa ovyo anabugia tu. Anayejua kazi anaishika gilasi kwa mguu wake, joto la mkono lisifike juu. Anaizungusha polepole harufu ifunguke. Anatazama ile michirizi inavyoteremka kwenye ukuta wa gilasi. Ananusa, pua ndani kabisa. Na akishaonja hamezi, anatema kwenye ndoo, kwa kuwa bado ana chupa nyingi za kuonja mbele. Wewe uliyafanya yote kwa mpango wake. Hayo hayafundishwi chooni."

Thabit alikuwa kafungua mdomo, na nna hakika neno la michirizi ndiyo mara ya kwanza kulisikia maishani mwake.

Breki akamtazama Wizara. Wizara akanitazama mie. Mie nikaitazama bakora ya Hatem, kwa tahadhari.

"Sheikh Hatem," akasema Wizara, taratibu, kwa sauti ya barua ya kwanza ya onyo. "Sisi tumeitazama video hii jioni yote. Mimi nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote, huyu anauza vipuri, huyu anatoka Amerat. Sote tumeona kitu kimoja: mtu amekinai. Hiyo habari ya mguu wa gilasi, na harufu kufunguka, na hiyo michirizi..."

"Wewe umeifundishwa wapi?" akamalizia Breki. "Chuoni au msikitini?"

Hatem akanywa kahawa yake yote kwa pumzi moja. Uso ulimbadilika rangi, na bila kufikiri akanyoosha kikombe kukirudisha. Breki akakipokea, akakijaza, akamrejeshea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Akanywa. Akarudisha bila kutikisa, mkono mkavu kama umetiwa saruji. Breki akajaza.

Akanywa tena. Sasa sote tulikuwa tunautazama ule mkono. Thabit, ambaye tangu afike alikuwa kainama, akainua kichwa na kuisogeza kofia nyuma. Naapa nilimpenda Hatem dakika ile kuliko siku zote, maana jasho lilikuwa linamtoka kama mtu wa kawaida.

"Ijumaa," akasema Hatem, akitazama dalla. "Baada ya laasiri. Mje na halwa yenu." Akashusha sauti. "Na haya ya leo yasifike kwa mama Khawla."

"Yapi?" akauliza Wizara. "Hakuna kumbukumbu yoyote."

Thabit akamshika Hatem bega, akalia kidogo, kisha akasema tende zimemkwama.

Hatem akanyoosha kikombe. Breki akainua dalla.

"Tikisa tu, sheikh," akamwambia. "Hapa sote hatuyajui hayo mengine."